Maisha ya Marehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo

Marehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo hakushinda vita kubwa, wala hakupata kuketi kwa utulivu katika kiti cha baba yake. Hata hivyo, ni watu wachache walioufaa Uislamu wa Uganda kama alivyoufaa yeye. Maisha yake yafaa kujulikana na kila kijana wa Kiislamu, maana ndani yake mna mafunzo juu ya vita, juu ya sulhu, na juu ya thamani ya mtu mmoja mwenye subira.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili. Ni katika enzi ya Suna, mwaka 1844, ndipo mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika Buganda pamoja na misafara ya kutoka pwani, na habari za Mwenyezi Mungu Mmoja zikasikika barazani mwa mfalme kwa mara ya kwanza. Suna alifariki mwaka 1856, akatawala mwanawe Mutesa, ndugu yake Mbogo. Mutesa aliipenda elimu ya dini, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuamrisha watu wake wafunge. Lakini hakutahiriwa. Vijana wa barazani walipokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa, aliona kuwa utii wao kwake umepungua. Mwaka 1876 aliwaua Waislamu wengi huko Namugongo, nao wapatao 70 hutajwa kuwa waliteketezwa kwa moto. Hao walitangulia kufa kwa ajili ya imani katika nchi hiyo.

Baadaye wakaja wamisionari wa Kiingereza mwaka 1877, na wa Kifaransa mwaka 1879. Baraza la Kabaka likagawanyika makundi matatu, kila kundi na kitabu chake na bunduki zake. Mutesa alipofariki mwaka 1884, mwanawe Mwanga alirithi ufalme akiwa bado kijana, naye hakuweza kuyatuliza. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga. Mwezi mmoja tu baadaye Waislamu waliwafukuza wenzao Wakristo, wakashika serikali peke yao. Kabaka Kiwewa, aliyekataa kutahiriwa, aliondolewa, na Kalema akatawazwa.

Historia haina budi kusemwa kwa uadilifu. Ushindi ule haukuleta amani. Kalema, kwa kuogopa wapinzani, aliwaua wana wa kifalme, wake kwa waume, na Mbogo alikuwa miongoni mwa wachache waliosalimika. Wakristo nao walijipanga upya wakamrudisha Mwanga, na mnamo mwanzo wa mwaka 1890 Waislamu walishindwa kabisa. Walikimbilia mpakani mwa Bunyoro, wakawa chini ya hifadhi ya Mfalme Kabalega. Huko Kalema alifariki kwa ndui.

Ndipo Mbogo alipoombwa kuwa Kabaka wa Waislamu. Ufalme aliopewa haukuwa na kasri wala mji mkuu. Walikuwa watu waliofukuzwa makwao, wenye njaa na maradhi, wakiishi kwa fadhila za mfalme jirani. Mwezi wa Mei 1891 Kapteni Lugard, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, aliwashambulia pamoja na majeshi ya Wakristo, akawashinda. Walirudi nyuma ndani ya Bunyoro, lakini hawakutawanyika.

Mwezi wa Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao huko Mengo. Baada ya hapo Lugard alitambua kuwa hawezi kuituliza nchi huku Kabaka wa pili akiwa mpakani na jeshi lake. Wajumbe wakaanza kwenda na kurudi. Katika mazungumzo hayo walikuwamo Dualla, Msomali aliyekuwa mkalimani wa Lugard, na Selim Bey, mkubwa wa askari wa Kisudani, Waislamu wote wawili. Sharti lilikuwa zito: Mbogo auache ufalme na akae Kampala, chini ya macho ya ngome. Badala yake Waislamu wangerudishwa Buganda na kupewa majimbo matatu.

Haikuwa rahisi kukubali. Wako waliotaka vita iendelee, na mtu aliyekwisha kuitwa Kabaka hashuki kwa hiari ila kwa sababu kubwa. Lakini Mbogo aliwatazama watu wake. Aliona kwamba taji likibaki kichwani pake, wao watakufa porini. Na likiondoka, watarudi mashambani mwao, watajenga misikiti na kulea watoto wao katika dini. Basi katikati ya mwaka huo wa 1892 alikwenda Kampala. Mwanga, aliyekuwa adui yake vitani, alimpokea kwa kumkumbatia, kwani Mbogo alikuwa ami yake.

Sulhu hiyo haikudumu mwaka mzima bila kutikisika. Waislamu waliona majimbo matatu hayawatoshi, wakadai nchi zaidi. Mwezi wa Juni 1893 Selim Bey alimwonya Kapteni Macdonald, aliyeshika madaraka wakati huo, kwamba hatakubali watu wa Mbogo washambuliwe. Macdonald aliwanyang'anya Wasudani wa Kampala silaha na kumkamata Selim, ambaye alifariki njiani akipelekwa pwani. Waislamu walipigwa, wakapoteza majimbo mawili kati ya matatu, wakabakiwa na Butambala peke yake. Mbogo alikuwa Kampala, si uwanjani mwa vita, lakini jina lake lilitosha kuogopwa. Alihamishiwa Zanzibar, akakaa huko hadi aliporuhusiwa kurudi mwaka 1895.

Mtu mwingine angerudi na kinyongo, na nafasi ya kulipa kisasi haikukawia. Mwaka 1897 Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, na mwaka huo huo askari wa Kisudani, waliochoshwa na safari ndefu na mishahara midogo, waliasi na kuishika ngome ya Luba huko Busoga. Walitaraji kwamba Mbogo na Waislamu wa Buganda wangesimama upande wao. Mbogo hakuungana nao. Alikuwa ameona mara tatu jinsi Waislamu walivyokwenda vitani na idadi kubwa wakarudi na idadi ndogo.

Tarehe 10 Machi 1900 Mapatano ya Uganda yalitiwa saini, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto mdogo. Mbogo alikuwa miongoni mwa walioweka alama zao juu ya karatasi ile. Alipewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, na malipo ya paundi 250 kwa mwaka maisha yake yote, kwa sharti la kuziacha haki zake nyingine zote. Ukilinganisha na maelfu ya maili waliyogawiwa machifu wengine, fungu hilo lilikuwa dogo. Kati ya majimbo 20 ya Buganda, moja tu ndilo lililokuwa na chifu Mwislamu. Waislamu walilipa gharama hiyo kwa miaka mingi, katika vyeo na katika elimu.

Lakini jambo moja halikupotea. Jamii yenyewe ilibaki. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 Mbogo alikuwa mkubwa wao, mwenye kuheshimiwa na serikali na kusikilizwa na masheikh, na ugomvi uliofika kwake ulipata wa kuusuluhisha. Alipofariki mwaka 1921, watu waliijua nafasi yake kwa pengo aliloliacha: hitilafu juu ya kusali Adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa iligeuka kuwa mfarakano uliowagawa Waislamu kwa muda mrefu.

Mwanawe, Badru Kakungulu, alizaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991. Huyo alitoa ardhi ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule, na mwaka 1944 alianzisha chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda. Kile ambacho baba alikinusuru kwa kuacha ufalme, mwana alikikuza kwa kutoa ardhi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo, amghufirie makosa yake, na awajaalie Waislamu viongozi wenye kutanguliza umma mbele ya nafsi zao. Amin.