Gilbert White na Daftari Lake la Ndege

Gilbert White alizaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Miaka yake mingi aliishi kijijini hapo, akitazama na kuandika.

Mwaka 1751 alianza daftari la bustani: mbegu alizopanda na hali ya hewa. Kuanzia mwaka 1768 alitumia daftari lililochapwa safu, lenye nafasi ya upepo, joto, mimea na ndege. Kwa kusikiliza nyimbo zao, alitambua kuwa ndege wadogo waliofanana sana walikuwa wa aina tatu. Kitabu chake kuhusu Selborne kilitoka na mwaka 1789.

Swali moja lilimsumbua hadi alipofariki mwaka 1793: mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Alijua kwamba wengine huhama, ila alizidi kudhani kuwa baadhi hujificha na kulala huko huko. Aliwatafuta asiwapate, wala hakujisingizia kuwa amewapata.

Baadaye watu walianza kuwavisha ndege pete. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Sisi tunaosoma falsafa hupenda kufikia hitimisho haraka. White alikosea katika dhana yake, lakini alitenganisha alichokiona na alichokidhani. Ndiyo maana daftari lake bado linaaminika. Nasi tujizoeze hivyo, darasani na hata tunapowazungumzia wenzetu.