Rumanyika wa Karagwe: Aliwapa wageni pombe bora, mwenyewe akaigusa kwa nadra

JIONI ya Jumamosi pale Goba, Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, rafiki akiingia nyumbani huulizwa kwanza atakunywa nini. Siku hizi chaguo ni pana. Kuna bia za viwanda vikubwa, kuna mvinyo wa ndizi wa chupa, na kuna bia zinazopikwa kidogo kidogo na mafundi wanaotafuta ladha ya pekee.

Lakini kwa mtu wa Kagera aliyehamia Goba, kinywaji cha kumkirimu rafiki ni rubisi, pombe ya ndizi, ikipatikana. Na katika habari za pombe hiyo na ukarimu wake, ni wachache wanaokumbukwa kama Rumanyika, mfalme wa Karagwe aliyeishi katika karne ya 19.

Mengi yanayojulikana juu yake yaliandikwa na Waingereza wawili waliokuwa wageni wake, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863 na cha Grant mwaka 1864.

Rumanyika, ambaye jina lake la pili lilikuwa Orugundu, alikuwa wa ukoo wa Wahinda, watawala wa Karagwe kwa vizazi vingi. Baba yake alikuwa Omukama Ndagara, na makao makuu yalikuwa Bweranyange, katika nchi ya vilima, ng'ombe na migomba.

Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850, kiti hakikupatikana kwa amani. Watoto wake watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, walikigombea. Speke alisimuliwa kwamba ndugu hao waliwekewa ngoma ndogo iliyojaa dawa, na atakayeweza kuinyanyua ndiye angekuwa mfalme. Wenzake walishindwa, lakini Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kimoja.

Rogero hakukubali matokeo hayo, na vita vikazuka. Wakati huo mfanyabiashara Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na makazi yake Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, alisimama upande wa Rumanyika. Msaada huo ulimwezesha kukaa katika kiti chake, na mfalme hakuusahau. Alijifunza mapema kwamba rafiki anayepita njiani na mizigo yake anaweza kumwokoa mtu siku ya shida.

Huenda hiyo ndiyo sababu Karagwe ikawa nchi iliyosifiwa na wenye misafara. Zama hizo kila mtawala njiani alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ambao ulilipwa kwa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Speke na Grant walipokuwa Usui, nchi inayopakana na Karagwe, walicheleweshwa kwa muda mrefu na mali yao nyingi ikaliwa na madai hayo.

Walipovuka mpaka na kuingia Karagwe, mambo yalibadilika. Walikutana na watu wa mfalme waliotumwa kuwapokea. Waliambiwa kwamba katika nchi hiyo mgeni hatozwi ushuru, na kwamba viongozi wa vijiji wangewapa chakula njia nzima kwa gharama ya mfalme.

Walifika kwa Rumanyika Novemba 25, mwaka 1861. Walimkuta ameketi chini na ndugu yake Nnanaji, amevaa joho jeusi la Kiarabu na bangili za shaba. Jambo lililowashangaza ni kwamba aliwasalimia kwa Kiswahili kizuri. Mfalme huyo wa bara, mbali kabisa na pwani, alikuwa amejifunza lugha ya biashara ya wakati wake.

Baada ya salamu alitaka kujua mambo ya dunia. Aliuliza kama jua linalochomoza leo ndilo lile la jana au kila siku huja jua jipya, na alitaka kufahamu jinsi watu wa mbali wanavyopashana habari kwa barua.

Kisha wageni wakaletewa tumbaku ya mfalme na pombe ya nyumbani kwake. Speke aliisifia tumbaku hiyo kwa utamu na ukali wake. Juu ya pombe aliandika kwamba ilihitaji mwanamume mwenye nguvu kuinywa.

Pombe ya Karagwe asili yake ni ndizi, na utengenezaji wake kwa njia ya jadi haujabadilika sana. Ndizi za pombe huivishwa kwa joto kwa siku kadhaa, kisha humenywa na kukanyagwa pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji matamu. Maji hayo huchujwa na kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Baada ya hapo mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kwa kawaida siku inayofuata pombe huwa tayari.

Ubora wake hutegemea mkono wa mpikaji. Ndizi zisipoiva sawasawa, utamu hupungua. Maji yakizidi, pombe hupooza. Mtama ukiwa mbaya, ladha yote huharibika. Zaidi ya hayo, rubisi haikai. Ikipita siku chache huchachuka, na ndiyo maana haifichwi ghalani bali huita majirani na marafiki. Katika sehemu nyingi mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ili kumwondolea shaka na kumwonyesha kwamba anampa kitu anachokiamini.

Hapa ndipo maisha ya Rumanyika yanapokuwa na fundisho. Grant aliyeishi naye kwa miezi kadhaa aliandika kwamba mfalme huyo alikuwa mtu wa kiasi sana. Chakula chake kilikuwa hasa maziwa, na nyama alifyonza mchuzi wake tu. Pombe ya ndizi aliigusa kwa nadra, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Hali hiyo ilikuwa tofauti na watu wake wengi, ambao waliipenda sana.

Kwa maneno mengine, mwenye pombe iliyosifiwa na wageni hakuwa mnywaji. Ilitoka nyumbani kwake kwa ajili ya kufurahisha na kuheshimu wengine, huku yeye akibaki na akili yake timamu kuwasikiliza, kuwauliza na kuamua.

Urafiki wake haukuishia kwenye kibuyu. Ilipofika Krismasi, baada ya kusikia kwamba Waingereza husherehekea siku hiyo kwa nyama ya ng'ombe, aliwapelekea dume. Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, lakini Grant hakuweza kusafiri kwa sababu ya mguu ulioumia vibaya, na nchi ya Buganda haikuruhusu wagonjwa kuingia.

Grant akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili 1862, alipobebwa kuelekea kaskazini. Mgeni mgonjwa asiye na mwenzake, mwenye mali inayotamanika na bunduki chache, angeweza kuporwa bila mtu kuuliza. Hilo halikutokea. Alilishwa, alitunzwa na aliondoka salama.

Sifa za namna hiyo zilisafiri haraka kuliko mizigo. Kafuro, karibu na Bweranyange, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotafuta meno ya tembo na kuuza vitambaa, shanga na waya. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipofika huko, alikuta kituo hicho kikiendelea na Rumanyika akiwa bado kwenye kiti chake, mzee mpole na mcheshi. Mfalme alimwandalia hata mashindano ya mitumbwi ziwani na kumwonyesha hazina yake ya vitu vya chuma, shaba na shaba nyeupe, vikiwamo sanamu za ng'ombe.

Rumanyika alifariki miaka michache baadaye. Warithi wake hawakupatana, na vurugu za kugombea kiti zikarudi kama zilivyokuwa mwanzo. Miaka ya 1890 ilileta ugonjwa wa sotoka uliomaliza ng'ombe, pamoja na utawala wa Wajerumani. Karagwe haikurudia tena nguvu yake ya zamani.

Jina lake hata hivyo halikupotea. Pori la Akiba la Rumanyika Orugundu lilipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Kwa mkulima mwenye migomba yake na mfanyabiashara mdogo mwenye meza tatu na friji moja, habari za mfalme huyu hazijachakaa. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na Rumanyika alipona kweli kwa wageni wake, tangu Musa Mzuri. Alijua kwamba mteja aliyepokewa vizuri ndiye tangazo la bei nafuu. Aliondoa hongo mlangoni, akatoa kilicho bora, na hakukimaliza yeye mwenyewe.

Mwenye baa anayekunywa mtaji wake pamoja na wateja hujikuta mwisho wa mwezi hana cha kununulia kreti nyingine. Mpikaji anayeongeza maji ili debe lijae humpoteza mnywaji aliyeijua ladha ya jana. Na mkulima anayetengeneza pombe nzuri lakini akaimaliza na marafiki bila kuuza hata lita moja, amefurahi, ila hajafanya biashara.

Pale Goba, giza likiingia, marafiki wawili wanaweza kukaa chini ya mwembe na chupa au kibuyu kati yao, wakaonja polepole na kuzungumza mpaka usiku. Hiyo ndiyo raha ya kinywaji kizuri. Rumanyika angewaletea kingine, angeketi nao kuuliza habari za safari, na asubuhi angeamka mapema kuliko wote.