Franco: Mtoto wa muuza maandazi aliyeanza na gitaa la mkebe

Mfanyabiashara wa Pajulu anayevuka Vurra kwenda Aru, au mwenzake wa Koboko anayefuata soko la Ariwara, huenda hajafika Kinshasa hata siku moja. Hata hivyo muziki wa Kinshasa anaujua, na jina la Franco analijua. Lingala kilienea West Nile kwa njia ya soko, ya jeshi na ya santuri, na katika santuri hizo mtu huyu alikuwa na fungu kubwa. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba yeye mwenyewe alikulia sokoni, kando ya karai la mafuta ya moto, akiwa na kitu ambacho ni ukarimu kukiita gitaa.

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, kusini mwa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake alikaanga maandazi na kuyauza sokoni katika mtaa wa Ngiri-Ngiri. Mwaka 1949 baba akafariki, shule ikaishia hapo, na nyumba ikategemea meza ya mama. Kazi ya kijana ilikuwa kukaa karibu na meza hiyo na kupiga muziki ili wapita njia wasimame na kununua. Kila mwenye kibanda anajua thamani ya msaidizi wa namna hiyo.

Chombo chake cha kwanza alikiunda mwenyewe: mkebe ndio tumbo, kipande cha mti ndio shingo, na nyuzi ni waya wa umeme uliovuliwa ganda. Anayeujua waya wa aina hiyo anaelewa taabu iliyokuwamo. Shaba ni laini. Ukiikaza inarefuka na sauti inashuka. Ukiikaza tena inakatika. Mti usiokauka vizuri unapinda kwa mvuto wa nyuzi, kisha nyuzi zinakaa juu mno na kuumiza vidole. Mpigaji wa chombo kama hicho hutumia muda mwingi akirekebisha kuliko kupiga, na asipokuwa na sikio kali ataacha kabla ya mwezi kwisha.

Franco hakuacha. Aliyemsaidia ni Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon, kijana aliyemzidi umri kidogo na aliyekuwa na gitaa la kweli. Kwa gitaa hilo la kuazima Franco alijifunza mishiko halisi, akaingia katika kundi la Dewayon lililoitwa Watam. Alikuwa bado mtoto.

Mwaka 1953 ulibadili mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Henri Bowane, mpiga gitaa mwenye jina wakati ule, alimsikia kijana huyo na kumpeleka katika studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara Mgiriki, Basile Papadimitriou. Huko Franco alipata mkataba, gitaa la kiwandani na lile jina fupi lililodumu. La pili, Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuja Léopoldville kuendesha studio ya CEFA, anatajwa kuwa ndiye aliyeleta gitaa la umeme mjini humo. Ndani ya miaka michache kila bendi ilitaka kuwa nalo.

Gitaa la umeme lilipendwa kwa sababu liliweza kushindana na tarumbeta na kelele za baa. Lakini lilileta magonjwa mapya juu ya yale ya zamani. Unyevu na joto la mto Kongo hupindisha shingo, jasho hushika nyuzi kutu, waya mwembamba uliolehemewa ndani huachia, na umeme usiotulia huifanya spika ingurume hata kabla mpigaji hajagusa uzi. Leo gitaa likigoma katikati ya harusi Pajulu, fundi huanzia hapo hapo: waya, lehemu, nyuzi, kisha shingo. Tofauti ni kwamba leo seti ya nyuzi hupatikana mjini. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950 vifaa vilitoka Ulaya kwa meli, na aliyekuwa na duka ndiye aliyekuwa na studio.

Kwa uhaba huo wapiga gitaa wa Kongo walijifunza kukichezea chombo hadi kitoe sauti wanayoitaka wao, si ile ya kitabu cha kiwandani. Mfano unaojulikana ni ule unaoitwa mi-composé: uzi wa nne unatolewa, mahali pake unawekwa uzi mwembamba uliokazwa oktava moja juu. Gitaa moja linaanza kusikika kama mawili. Franco mwenyewe alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akivuta nyuzi mbili kwa wakati mmoja, kwa mkono mzito kuliko wa mpinzani wake Docteur Nico wa African Jazz, ambaye alikuwa amesomea ufundi na alipiga kwa wororo zaidi. Mashabiki waligawanyika kati ya hao wawili, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Kwa unadhifu Nico alikuwa mbele. Kwa nguvu ya kumwinua mtu kitini, Franco hakuwa na wa kumshinda.

Juni 1956 yeye na wenzake wa Loningisa walianzisha OK Jazz, jina lililotokana na baa ya O.K. walimokuwa wakipiga. Mwaka 1958 alifungwa kwa muda kwa kosa la barabarani, akatoka akapokewa na umati. Mwaka uliofuata baadhi ya wenzake wenye asili ya Brazzaville walivuka mto kurudi kwao na kusaidia kuanzisha Bantous de la Capitale. Mpaka ule ulikuwa ukivukwa na wanamuziki kama unavyovukwa na wachuuzi.

Hapo ndipo panapaswa kutazamwa vizuri na mtu wa biashara. Bendi za wakati ule hazikuwa na vyombo vyao. Gitaa, maikrofoni na spika vilikuwa vya mwenye studio au mwenye baa. Mwanamuziki aliyegombana na tajiri aliondoka mikono mitupu, hata kama nyimbo zake ndizo zilizojaza ukumbi. Mwaka 1961 OK Jazz ilikwenda Brussels kurekodi kwa lebo ya Surboum African Jazz, ambayo mwenyewe alikuwa Joseph Kabasele, kiongozi wa bendi pinzani. Mapato ya santuri hizo yalisaidia bendi kupata vyombo vipya. Mpinzani alifaidika, nao wakafaidika. Wafanyabiashara wawili wa mpakani wangeelewana kwa mpango huo bila mwanasheria.

Tangu hapo Franco hakutaka tena kupiga chombo cha mtu. Alianzisha lebo zake, ikiwamo Editions Populaires, akafungua ukumbi wa Un-Deux-Trois mtaani Matonge, na katika miaka ya 1970, wakati serikali ya Mobutu ilipochukua biashara za wageni, akawekwa kusimamia kiwanda cha kuchapa santuri cha MAZADIS. Bendi ikaitwa TPOK Jazz na ikakua kiasi cha kugawanyika, kundi moja likibaki Kinshasa na lingine likifanya kazi Ulaya. Nyimbo zilizorekodiwa zinakadiriwa kupita 1,000. Santuri zake zilitolewa Nairobi pia.

Kijana wa gitaa la kuazima sasa alikuwa tajiri mwenye vyombo, na wanamuziki waliomzunguka walikuwa mahali alipokuwa yeye mwaka 1953. Wengine walimwona baba, wengine bwana mkali. Mpiga saksofoni Verckys Kiamuangana aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanzisha bendi na lebo yake, akatajirika kwa njia ile ile. Franco alikaribiana na utawala wa Mobutu, akaimba sifa zake, lakini mwaka 1978 utawala huo huo ulimfunga kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Ukaribu na wakubwa haukumkinga.

Mwaka 1985 alitoa Mario, wimbo kuhusu kijana msomi anayekula mali ya mwanamke mwenye fedha, na akina mama wengi wa sokoni waliupokea kama wimbo wao. Mwaka 1987 akatoa Attention na SIDA, onyo juu ya ukimwi wakati viongozi wengi walikuwa kimya. Mwili wake tayari ulikuwa ukikonda. Alifariki Ubelgiji, huko Namur, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Zaire iliomboleza siku nne, na redio ilipiga nyimbo zake.

TPOK Jazz iliendelea chini ya Lutumba Simaro, mpiga gitaa wake wa miaka mingi. Kisha ukaja mzozo kati ya wanamuziki na familia ya marehemu juu ya mgawo wa mapato. Hawakuafikiana. Mwishoni mwa mwaka 1993 wanamuziki walirudisha magitaa na spika kwa familia, bendi ikavunjika, na Simaro na wenzake wakaanza upya kwa jina la Bana OK.