JOHN B. STETSON, FUNDI WA KOFIA ZA PAMA



Katika mkutano wetu uliopita nilikuja nimevaa pama ya marehemu baba yangu. Vijana walicheka, wazee wenzangu wakaomba kuishika. Mmoja wenu aliniuliza kofia za namna hii zilianzia kwa nani. Nilimwahidi jibu, na ahadi ni deni. Kofia hizi ni za kale na mafundi wake walikuwa wengi, lakini aliyezipatia sifa ulimwenguni kuliko wengi ni John Batterson Stetson wa Marekani.

Stetson alizaliwa mwaka 1830 mjini Orange, katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa mtengeneza kofia, na kijana alijifunza kazi hiyo nyumbani. Akiwa bado kijana alishikwa na ugonjwa wa mapafu, ambao waganga walisema ni kifua kikuu. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Akihesabu kwamba siku zake ni chache, aliliacha duka la baba yake akaenda magharibi ya nchi, kutafuta hewa kavu na kuiona dunia kabla ya kufa.

Huko hakupata raha. Mjini St. Joseph, jimbo la Missouri, alifanya kazi ya matofali, mafuriko yakaja yakaharibu yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 alitaka kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu ya afya yake. Ndipo alipofuatana na kundi la watu waliokwenda Pike's Peak, Colorado, kutafuta dhahabu.

Inasimuliwa kwamba njiani mvua iliwatesa, na ngozi za wanyama walizojifunika zilinuka vibaya. Stetson aliwaonyesha wenzake kwamba manyoya yanaweza kuwa kitambaa bila kufumwa. Manyoya hukatwa, hutawanywa kwa uzi wa upinde mpaka yakae sawasawa, hunyunyiziwa maji, halafu huchovywa katika maji ya moto na kushindiliwa. Nywele zile hushikana zenyewe, na kadiri zinavyoshindiliwa ndivyo kitambaa kinavyokuwa kizito na kuzuia mvua. Kwa kitambaa hicho alijitengenezea kofia yenye ukingo mpana. Wenzake waliicheka, kama mlivyoicheka yangu. Lakini mpanda farasi mmoja aliipenda, akainunua kwa sarafu ya dhahabu ya dola 5.

Dhahabu ya ardhini hakuipata kwa wingi, bali afya yake ilirudi. Mwaka 1865 alikwenda Philadelphia, akaanza kazi kwa mtaji wa dola 100 katika chumba kidogo. Mwanzo mauzo yalikuwa haba, kwa kuwa aliiga mitindo ya mjini iliyokuwa ikitengenezwa na kila mtu. Hapo akawakumbuka wachunga ng'ombe wa magharibi, waliochomwa na jua na kulowa mvua wasiwe na kofia inayowafaa. Akatengeneza pama pana, akaiita Boss of the Plains, akawapelekea wenye maduka wa huko mifano yake. Maagizo yakamiminika. Kufikia mwaka 1906 kiwanda chake kilikuwa kinatoa kofia karibu milioni 2 kwa mwaka.

Aliwajengea wafanyakazi wake hospitali na maktaba. Alisaidia pia chuo cha DeLand, Florida, ambacho mwaka 1889 kilipewa jina lake na kinaitwa hivyo hata leo. Alifariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 75, yeye aliyedhaniwa kuwa hatavuka ujana.

Lakini historia ya kazi hii ina upande wa huzuni. Kwa miaka mingi viwanda vya kofia vilitumia zebaki kulainisha manyoya. Wafanyakazi walivuta mvuke wake. Mikono ikatetemeka, meno yakang'oka, wengine wakapotewa na akili. Marekani iliachana na zebaki katika kazi hiyo mwaka 1941 tu. Kwa hiyo anayekusanya kofia za zamani anashika pia jasho la watu waliougua.

Kwa wale wenye pama za babu zao, tazameni chini ya utepe wa ngozi wa ndani. Mara nyingi mtakuta kikaratasi cha kipimo na chapa ya chama cha wafanyakazi. Ikiandikwa jina la chama kilichoundwa Marekani mwaka 1934 kwa kuunganisha mafundi wa kofia za manyoya na wa kofia za nguo, mtajua haikutengenezwa kabla ya hapo. Msiishike kwa kuibana kilele, itapasuka. Mkiivua, iwekeni kichwa chini ili ukingo usilale.

Vijana, Stetson alikwenda mbali kutafuta dhahabu, kumbe riziki yake ilikuwa katika ufundi alioupata kwa baba yake, alipoupeleka mahali ulipohitajika. Msidharau kazi ya mikono mnayofundishwa nyumbani na hapa shuleni. Nami katika mkutano ujao nitakuja na pama ile ile. Chekeni, lakini anayetaka kuijaribu, aombe.