Carl Spengler

Carl Spengler (1860 – 1937) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Uswisi. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa Kombe la Spengler, michuano ya kimataifa ya hoki ya barafuni, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

== Maisha ==
Alizaliwa Davos, mji ulioko milimani kwenye kimo cha mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari. Baba yake, Alexander Spengler, alikuwa Mjerumani aliyekimbilia Uswisi baada ya mapinduzi ya 1848–1849 kushindwa. Huko alisomea udaktari, akafika Davos mwaka 1853. Aliona kwamba wenyeji hawakuugua kifua kikuu, akaanza kuwatibu wagonjwa kwa hewa ya milimani. Ndivyo kijiji cha wafugaji kilivyogeuka kuwa mji wa matibabu.

Carl alifuata kazi ya baba yake. Alifanya utafiti Berlin pamoja na Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Baadaye alirudi Davos na kuendelea kuwatibu wagonjwa wa maradhi hayo.

== Kombe la Spengler ==
Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani ilifukuzwa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, wala haikualikwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1920 na 1924. Uswisi haikuwa upande wowote katika vita hivyo. Mwaka 1923 Spengler alitoa kombe lishindaniwe Davos, ili vijana wa nchi zilizopigana wakutane tena uwanjani.

Washindi wa kwanza walikuwa timu ya Chuo Kikuu cha Oxford kutoka Uingereza. Mwaka uliofuata kombe lilichukuliwa na Berliner SC ya Ujerumani. Ujerumani ilirudishwa katika shirikisho mwaka 1926.

== Urithi ==
Spengler alifariki Davos mwaka 1937. Michuano huchezwa karibu kila mwaka kuanzia tarehe 26 hadi 31 Desemba, kwa timu zilizoalikwa na wenyeji, HC Davos. Kanada hupeleka timu yake tangu 1984. Mwaka 2020 haikufanyika kwa sababu ya UVIKO-19. Mwaka 2023, miaka 100 tangu kuanzishwa kwake, wenyeji walitwaa kombe.