Freddie wa Unguja na wimbo uliopotea kwao

Mwezi uliopita nilikuwa Marani, kule juu ya mji wa Kisii, nimekwenda kuwapa pole wakwe wa ndugu yangu. Ni nchi ya milima, chai na migomba, na mvua ya kila alasiri. Mtu wa Mombasa hushinda na sweta mwilini. Simu yangu ikagoma, nikampelekea fundi kijana pale sokoni. Kibandani mwake alikuwa amefungulia muziki wa magitaa makali, wimbo wa mbiombio usiozidi dakika mbili na nusu. Nikamuuliza ni wa nani. Akanambia ni wa Metallica, Wamarekani. Nikamwambia aliyeuimba mwanzo ni mzaliwa wa Unguja. Akacheka, akadhani ni mzee wa pwani anajivunia vya kwao kama ilivyo ada yetu.

Simlaumu. Hata sisi wa pwani wengi hatuijui habari hii, na wanaoijua huisema kwa sauti ya chini. Basi leo nataka niisimulie yote.

Mtu huyu tunayemjua kwa jina la Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Babake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu, enzi za Sultani chini ya himaya ya Mwingereza. Mamake ni Jer. Walikuwa Waparsi waliotoka India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, watu ambao vitabu vyetu huwaita Majusi. Walikuwa wachache Unguja, lakini waliishi na wenzao katika vichochoro vya Mji Mkongwe kama walivyoishi Wahindu, Wagoa na Waithnaasheri.

Alipokuwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni India, St Peter's ya Panchgani. Huko alijifunza piano, na yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Akarudi Unguja mwaka 1963. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na familia ya Bulsara ikaondoka kama zilivyoondoka familia nyingi. Nani kati yetu, kuanzia Lamu hadi Tanga, hana jamaa ama jirani aliyefika mwaka ule na mkoba mmoja? Wao walifikia Feltham, pembeni mwa London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Akasoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza 1969 na diploma yake. Sisi wenye diploma tuna haki ya kufurahi kidogo hapo. Mwaka huo huo aliimba katika bendi ndogo iliyoitwa Ibex, ambayo baadaye ikabadilishwa jina kuwa Wreckage. Ndiko wimbo wetu ulikoanzia. Mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor, bendi ikaitwa Queen, na John Deacon akaja kuingia 1971. Wimbo wakaubeba, wakawa wanaupiga jukwaani kwa miaka kadhaa kabla ya kuurekodi.

Unaitwa Stone Cold Crazy, na ulitoka 1974 katika albamu ya Sheer Heart Attack. Ni habari ya mtu anayejiona jambazi mkubwa, imesimuliwa kwa mzaha. Maneno yanakwenda mbio hata pumzi hapati. Majina ya wote wanne yaliandikwa kuwa watunzi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Queen kufanya hivyo. Mwaka uliofuata wakatoa Bohemian Rhapsody, ule wenye neno tunaloanzia Waislamu kila jambo, na ukaufunika ule wa kwanza.

Lakini vijana wa Marekani waliopenda muziki mzito hawakuusahau. Mwaka 1990 Metallica waliurekodi upya, wakauongezea kasi na ukali, na mapema 1991 wakapata tuzo ya Grammy kwa wimbo huo. Freddie alikuwa bado hai, lakini mgonjwa. Tarehe 23 Novemba mwaka huo alitangaza kuwa ana UKIMWI, na siku ya pili yake akafariki, na miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya wazazi wake.

Tarehe 20 Aprili 1992 uwanja wa Wembley ukajaa watu kumkumbuka. Pale James Hetfield wa Metallica alisimama na Queen wenyewe, Tony Iommi akiwa kwenye gitaa, akauimba wimbo ule. Ulikuwa umerudi kwa wenyewe, na mwimbaji wake hayupo. Kutokana na tamasha hilo ulianzishwa mfuko wa kupambana na UKIMWI, na unafanya kazi hadi leo.

Na sisi je? Mwaka 2006, alipokuwa atimize miaka 60, ilipangwa sherehe Unguja, na jumuiya ya Uamsho ikaipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, na watalii wanalipa kuingia.

Mimi ni Muislamu na sitajifanya sioni tatizo. Maisha yale siyasifu, wala simsomeshi mwanangu ayafuate. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini kusema alizaliwa wapi na aliondoka kwa nini si kumsifu mtu. Ni historia yetu, na tukiinyamazia itasimuliwa na wenye kuuza tiketi.

Yule fundi wa Marani alitafuta katika simu yake, akaona ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akanambia babu yake alikuwa mpiga obokano, lile zeze kubwa la Wakisii la nyuzi nane. Nyimbo za babu bado zinaimbwa matangani, lakini hakuna anayetaja jina lake. Nikamwambia ayaandike, jina na nyimbo, angali na wa kumuuliza. Akanipunguzia shilingi hamsini katika malipo ya simu.