Frank Worrell, nahodha aliyechelewa kupewa unahodha

Msomaji, huenda kriketi huipendi. Mchezo wa siku tano wataka subira kama ya mvuvi, na si wengi walio nayo siku hizi. Lakini hata asiyejua gongo wala wiketi yampasa kumjua Frank Worrell, kwani habari zake zimepita mpaka wa uwanja.

Alizaliwa Barbados mwaka 1924. Karibu naye, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, walizaliwa Everton Weekes na Clyde Walcott, na watatu hao wakaja kuwa nguzo za West Indies. Worrell alipiga mpira kwa utaratibu, pasi na papara. Akaenda Uingereza, akacheza ligi ya Lancashire na kusoma Chuo Kikuu cha Manchester.

Sasa tazama maajabu. Timu ilijaa wachezaji weusi, lakini nahodha kwa desturi alikuwa mzungu. George Headley, gwiji wa wakati wake, alipewa mechi moja tu mwaka 1948. Worrell alikwisha pita miaka thelathini na mitano, baada ya watu kupiga kelele magazetini, C.L.R. James akiwa mbele, ndipo alipokabidhiwa timu iende Australia mwaka 1960. Akawa mweusi wa kwanza kuongoza msururu mzima wa mechi. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dhuluma tupu, na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kuwa imezoeleka.

Mechi ya kwanza ilikuwa Brisbane, mwezi wa Disemba. Siku ya tano ikafika ova ya mwisho, mipira minane kwa desturi ya huko wakati huo. Australia wataka mikimbio sita washinde, nao wana wapigaji watatu wa kutolewa. Worrell akampa mpira Wes Hall, jitu la mbio ndefu. Nahodha wa Australia, Richie Benaud, akatolewa. Wenziwe wakakimbia kama waliofukuzwa na nyuki. Akatolewa wa pili. Alama zikawa sawasawa, mipira miwili imesalia. Worrell, mtulivu kama maji ya mtungini, akamwonya Hall asikanyage mstari, maana akitoa mpira wa haramu hataweza kurudi Barbados. Kline akaupiga, Meckiff akatoka mbio, na Joe Solomon, akiwa ubavuni ambako aliona kijiti kimoja tu, akautupa ukapiga papo. Sare! Hiyo ilikuwa mechi ya 498 ya kimataifa tangu 1877, na sare kama hiyo haikuwa imetokea kabla yake.

West Indies walishindwa msururu ule, mechi mbili kwa moja. Hata hivyo, wakati wa kuaga, watu waliokisiwa nusu milioni walijipanga katika barabara za Melbourne kuwashangilia. Na hiyo ni nchi ambayo siku zile sheria zake ziliwafungia mlango wahamiaji wasio wazungu! Tangu hapo kombe linaloshindaniwa na nchi hizo mbili lina jina la Worrell.

Mwaka 1962, Nari Contractor, nahodha wa India, alipigwa na mpira kichwani huko Barbados, fuvu likavunjika. Worrell alikuwa miongoni mwa waliojitolea damu yao, na mgonjwa akapona. Huko Bengal hadi leo watu hutoa damu kila tarehe 3 Februari kwa kumkumbuka. Mimi tendo hili naliweka juu ya mikimbio yake yote.

Aliishinda Uingereza kwao mwaka 1963, akastaafu, akapewa cheo cha Sir mwaka 1964. Alikuwa pia seneta Jamaica na mlezi wa wanafunzi chuo kikuu. Kansa ya damu ilimchukua tarehe 13 Machi 1967, umri wake miaka 42. Ibada ya kumkumbuka ilifanywa Westminster Abbey, heshima ambayo mwanamichezo hakuwahi kupewa kabla yake. Kaburi lake liko Cave Hill, Barbados, kando ya uwanja wa chuo kikuu; na hapo hapo wamekuja kulala wenziwe wawili, Walcott mwaka 2006 na Weekes mwaka 2020.